Bei ya Kilomita Moja

Mume wangu alifanya kazi ya ukarani wa usafiri katika ofisi moja ya umma kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikaa kwenye chumba kidogo karibu na lango, akaandika gari gani limetoka, limekwenda wapi, limerudi na kilomita ngapi na limekunywa dizeli kiasi gani. Hakuwahi kuendesha hata moja kati ya magari hayo. Nyumbani alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki kijijini, juu kidogo ya Dongobesh, nikifundisha shule ya msingi na kulea watoto watatu, na nilikuwa nimezoea kumpenda kwa kiasi hicho cha siku mbili tatu. Kisha akastaafu, akaja moja kwa moja.

Kiinua mgongo kilipoingia benki aliniaga kwamba anakwenda Arusha kufuatilia karatasi. Akarudi na pikapu nyeupe iliyotumika. Kwenye usukani alikaa dereva wa kukodi, na yeye kando yake, mkoba wa karatasi mapajani. Majirani walitoka kuangalia. Nilikuwa navuna viazi nyuma ya nyumba; nikaja na mikono yangu ya udongo, nikalizunguka gari mara moja. Hatukuwa tumezungumza habari ya gari hata siku moja.

"Mwalimu," aliniambia, maana hata yeye huniita hivyo kama kijiji kizima, "najua utasema ni anasa. Gari ni hasara kwa mtu asiyeweka kumbukumbu. Kwa anayeweka, linajilipa lenyewe."

Nilimuuliza kama anajua kuendesha. Alisema atajifunza, na gharama ya kujifunza ameshaiweka kwenye hesabu.

Alijifunza kweli. Aliendesha kidevu kikiwa karibu kugusa usukani, kwa mwendo ambao watoto wa shule waliupita kwa miguu, na kila alipopita kwenye shimo alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Akirudi alishuka, akazunguka gari lote akiligusa tairi moja moja, kisha akakaa barazani na simu yake.

Krismasi ile kijana wetu wa kwanza alikuja likizo, akamwekea kwenye simu programu ya kutunza gharama za gari. Nadhani alifikiri anampa baba yake kitu cha kuchezea. Kijana akaondoka, sisi tukabaki na programu. Mume wangu aliingiza dizeli, oili, filta, bima na pedi za breki. Akaingiza sabuni ya kuoshea gari, na ndoo. Kulikuwa na fulana yangu ya zamani aliyoikata vipande vya kufutia vioo. Na hiyo aliikadiria bei akaiingiza. Hata mabati ya banda alilolijengea yaliingia humo, wakati sisi wenyewe jikoni kwetu mvua ilikuwa inadondokea kwenye sufuria.

Siku moja wakati wa chakula alitangaza kwamba sasa amepata jibu.

"Kilomita moja ni shilingi mia tisa," alisema.

"Ya nini?"

"Ya kutembea. Ukiweka kila kitu, pamoja na uchakavu. Gari likitembea linapungua thamani hata kama hakuna kilichovunjika, na kupungua huko lazima kuwe na mtu anayekulipia."

Mimi nafundisha hisabati darasa la sita. Hesabu yake haikuwa na kosa, na nilimwambia hivyo. Nilidhani mambo yanaishia pale, kama mtu akishajua uzito wake hospitali anavyovaa viatu akaenda zake.

Jumapili iliyofuata nilivaa, nikachukua kitabu cha nyimbo, nikapanda mbele kama nilivyokuwa nimeshaanza kuzoea. Kanisa liko umbali wa kilomita tatu kutoka kwetu. Hakuwasha gari. Alishika usukani kwa mikono miwili akasema, bila kuniangalia, kwamba kwenda na kurudi ni elfu tano na mia nne.

"Unanidai nauli?" nilimuuliza.

"Sidai. Nakujulisha tu. Nikienda peke yangu ni juu yangu. Tukienda wawili tunagawana. Wewe una mshahara, mimi nina pensheni. Nitakata kwenye ile hela ninayokupa ya jikoni, huna haja ya kutoa taslimu."

Nilimtazama vizuri. Alikuwa amevaa koti la suti alilofungia ndoa mwanetu, amenyoa ndevu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesema jambo la haki kabisa. Nilifungua mlango, nikashuka, nikaurudisha polepole nisije nikadaiwa uchakavu wa mlango. Nikaenda kwa miguu. Alinipita kwenye mteremko, peke yake, bodi ya nyuma ikiwa tupu, na mbele yangu kulikuwa na akina mama wanne wa kwaya waliosogea pembeni wakampisha. Mmoja wao aligeuka akaniona nakuja nyuma. Nilipowafikia walianza kuzungumza habari za vitunguu saumu, kwa bidii sana, mpaka tukafika.

Tangu siku ile sikupanda tena kwenda kanisani, na yeye hakuacha kuendesha. Alikuwa anafika kabla yangu, anapaki chini ya ukuta, anakaa ndani ya gari mpaka kengele inapogongwa. Mchungaji alimsifu kwa kuwahi.

Kijijini habari haikukawia. Jirani yetu wa upande wa bondeni ni mzee aliyekuwa akituletea ng'ombe wake wa kulimia kila msimu, miaka yote ambayo mume wangu alikuwa mjini, na kila nilipotaka kumlipa alinikatalia. Alikuja asubuhi moja akaniambia ana magunia ya vitunguu saumu ya kupeleka Dongobesh, na lori limemwangusha. Nilimwita mume wangu. Alitoka na simu mkononi. Walisalimiana vizuri, mume wangu akampa shikamoo kwa sababu mzee amemzidi umri, kisha akamwambia bei.

Mzee alicheka. Alifikiri ni utani wa majirani. Mume wangu akasubiri amalize kucheka, akarudia, akaongeza kwamba kupakia mzigo kunaongeza dizeli, kwa hiyo bei hiyo ni ya upendeleo.

"Aa," mzee alisema. "Sikujua kama limefika huko."

Aliniaga mimi, akampa mkono na yeye, akateremka. Mchana nilimwona anapita na punda watatu. Msimu uliofuata alituletea ng'ombe wa kulimia kama kawaida, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mume wangu alikaa barazani akiwaangalia wale ng'ombe wanavyokata udongo wetu bure, na sikuona kitu chochote kikipita usoni kwake.

Watu walianza kumwita Bwana Kilomita. Alilisikia jina hilo akafikiri ni heshima.

Sasa nifike kwenye habari ya mama yangu. Mama anaishi Hirbadaw, upande wa Hanang, pamoja na kaka yangu na familia yake. Masika ya mwaka wa pili wa gari aliteleza kwenye tope akipeleka maji kwa ndama, akaangukia nyonga. Kaka alinipigia simu: mama hawezi kusimama, bodaboda haiwezekani, na gari la kukodi wanatajiwa bei ya ajabu. Sikuwa nimemaliza kumweleza mume wangu alipochukua ufunguo. Hilo lazima niliseme. Hakusita, hakuuliza lolote, alikagua maji na oili, tukaondoka. Njiani, kwenye ile barabara ya tope jekundu, nilimwangalia akipambana na usukani nikajiambia kwamba labda nimemhukumu mapema.

Tulimlaza mama kwenye godoro nyuma ya pikapu, mimi na wifi yangu tukakaa huku na huku kumshikilia, turubai juu yetu. Mume wangu aliendesha kwa uangalifu ambao sijawahi kuona. Kila shimo alilikaribia kana kwamba ndani yake kuna mtoto. Hospitali walimpokea, wakampiga picha, wakasema mfupa umepata ufa lakini haujavunjika. Alilazwa. Sisi tukarudi nyumbani, na aliporuhusiwa tukaenda kumchukua, tukampeleka Hirbadaw. Muda wote huo mume wangu alikuwa mtu wa kutegemewa. Alimsaidia mama kushuka, akambeba yeye mwenyewe mpaka kwenye kiti uani. Wifi alikuwa amepika ugali na kuku, tukala, na kaka yangu akasimama akamshukuru shemeji yake kwa maneno mengi mazuri.

Mume wangu alifuta mikono, akatoa simu mfukoni.

"Shemeji, ahsante," alisema. "Nimeshajumlisha safari zote. Ni laki moja na tisini na nne elfu."

Kaka alinitazama mimi. Nilimtazama mume wangu. Wifi aliyekuwa anakusanya vyombo alisimama na sinia mkononi.

"Baba," nilimwambia, "tutazungumza nyumbani."

"Hakuna cha kuzungumza, Mwalimu. Si biashara hii. Sikuweka hata shilingi ya faida. Ni gharama tupu."

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, shuka mabegani, fimbo mpya ya hospitali imelala magotini. Nyumbani tunazungumza Kiiraqw, na mama Kiswahili anakisikia zaidi ya anavyokisema. Lakini siku ile alizungumza Kiswahili, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgeni wa serikali.

"Mkwe wangu, umetusaidia sana. Hebu sema tena. Sikio langu hili moja halisikii vizuri."

Naye akasema tena. Alisogea karibu na sikio la mama, akainama kwa heshima zote, akarudia laki moja na tisini na nne elfu.

"Hela hapa ndani hakuna," mama alisema. "Hospitali imechukua." Kisha akamgeukia kaka kwa Kiiraqw akamwambia amlete yule ndama dume wa kahawia.

Kaka alikataa. Mama hakupandisha sauti, alirudia tu maneno yale yale mpaka kaka akaenda. Ndama akaletwa na kamba shingoni. Nilimsubiri mume wangu aseme hapana. Nilikuwa tayari kumsamehe habari ya kanisa, ya punda wa jirani na mabati ya banda kama angesema neno hilo moja. Alimzunguka ndama kama anavyozunguka tairi.

"Mnada wa Katesh huyu haendi chini ya laki mbili na nusu," alisema. "Amezidi."

Akatoa pochi, akahesabu noti, akampa mama yangu chenji. Elfu hamsini na sita. Mama alizipokea kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kupokea kitu, akazikunja akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Alisema ahsante.

Ndama alifungwa nyuma ya pikapu. Mume wangu alinifungulia mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Nilimpita nikapanda nyuma, nikakaa kwenye lile godoro alilolalia mama, mgongo kwenye bodi, ndama mbele yangu. Alikuja akasimama pale nyuma.

"Kutakuwa na baridi huko juu," alisema.

"Endesha."

Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani. Ndama alilia njia nzima akimtafuta mama yake, akanikojolea miguu tulipopanda mlima, na ukungu ulipoanza kutushukia nilimsogelea nikajikinga kwa joto lake. Tulipofika mume wangu aliniangalia nikishuka nimelowa na kuchafuka, akaniuliza kama godoro limeharibika.

Nilioga, nikampikia, nikamwekea chakula mezani. Alikula. Kisha akaanza mwenyewe, bila kuulizwa, macho kwenye sahani.

"Wewe hujui nilichokuwa naandika kule," alisema. "Gari limekwenda kukagua mradi, kumbe limekwenda kubeba mahindi ya mkubwa. Naona punje za mahindi zimejaa kwenye bodi, naandika kukagua mradi. Gari limepeleka bibi harusi, naandika mkutano. Wananiletea kilomita walizotunga, nazinakili kwa mwandiko mzuri. Miaka yote. Hakuna hata siku moja niliyoandika kitu cha kweli. Nikasema la kwangu litakuwa na hesabu ya kweli, na kila anayelipanda atajua amepanda nini."

Ilikuwa mara ya kwanza kunieleza habari hizo. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilimwelewa vizuri sana, na dharau niliyokuwa nayo haikupungua hata kidogo. Wakubwa waliomwibia mafuta ofisini walikuwa wamekwenda zao na shukrani za watu wao, na bili yao alikuwa ameipeleka kwa mama mwenye nyonga iliyopasuka. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Aliinuka, akaenda kumtazama ndama kama amepewa maji.

Mama alipona, anatembea na fimbo. Hakunisimulia wala kunilalamikia habari ya siku ile hata mara moja. Ila tangu hapo akinipigia simu, baada ya kusalimiana na kuuliza watoto, huniuliza, "Na dereva wako hajambo?" Mume wangu akiwa karibu husikia, maana simu yangu ina sauti kubwa. Zamani mama alikuwa anamwita "mwanangu".

Baada ya Hirbadaw hakuna aliyeomba tena gari. Habari ilifika Dongobesh kabla ya ndama kuzoea banda. Mgonjwa akipatikana kijijini, watu walipita mbele ya nyumba yetu wakaenda kumtafuta mwenye bajaji. Misiba ilikodi lori. Mume wangu alibaki na gari lake, na hapo hesabu zake zikaanza kumgeuka, kwa namna ambayo mwanafunzi wangu yeyote wa darasa la sita angemwonyesha ubaoni. Bima na leseni hazijui kama gari linatembea au limelala. Betri nayo inakufa hata likiwa limepaki. Kadiri kilomita zilivyopungua, kila kilomita ilibeba mzigo mkubwa zaidi.

"Mwezi huu imefika elfu moja na mia sita," aliniambia siku moja, akiwa na wasiwasi wa kweli, kama mtu anayetaja homa ya mtoto.

"Basi usiliendeshe."

"Nikiacha kuliendesha inapanda zaidi."

"Na ukiacha kabisa?"

Alifikiri. Niliona jinsi alivyokuwa anaitafuta ile hesabu kichwani.

"Ukiacha kabisa unagawa kwa sifuri," nilimwambia. "Na kugawa kwa sifuri hakuna jibu. Tunawafundisha hivyo watoto."

Akaamua kulitafutia gari kazi. Alipata mfanyabiashara aliyetaka kupeleka chumvi ya mifugo Yaeda Chini. Nilimwambia njia ile si ya mtu anayefumba macho kwenye mashimo. Aliondoka alfajiri amevaa kofia mpya, na aliyekodi gari akalipa nusu kwanza. Alirudi keshokutwa yake jioni, gari limelala upande mmoja kama mbuzi aliyevunjika mguu. Springi ya nyuma ilikatika kwenye mawe kabla hajafika bondeni, na rejeta ikatobolewa na kisiki. Wafugaji wa huko walilisukuma mpaka kivulini, wakampa maziwa, wakamtafutia mtu wa kufunga springi kwa magogo na kamba za ngozi na kuziba rejeta kwa sabuni. Nilimuuliza walimtoza kiasi gani.

"Hawakutaka kitu," alisema.

"Ukaandika nini?"

Aliinama kuiangalia springi. Nilijua ameandika sifuri, na kwamba kwake sifuri ile ilikuwa namba tu kama namba nyingine.

Fundi wa Dongobesh alikula ile nusu aliyolipwa na nyingine juu yake. Baada ya hapo gari lilikaa bandani miezi kadhaa. Kuku wangu walitaga kwenye bodi, panya wakala nyaya chini ya boneti. Kila siku asubuhi alilifuta vumbi. Alikuwa anajua, mpaka shilingi, kulala kwake kunamgharimu kiasi gani kwa siku, na aliniambia kiasi hicho bila mimi kuuliza. Mwishowe akasema ataliuza.

Alijiandaa kuuza kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Alikwenda Dongobesh kwenye duka la vifaa vya ofisi akachapisha kumbukumbu zote kutoka kwenye programu, kurasa nyingi, akazibana vizuri na kuzifungia jalada la bluu. Alisema hakuna gari katika wilaya nzima ya Mbulu lenye historia kama hiyo, na mnunuzi mwenye akili atalipa zaidi kwa ajili yake.

Mnunuzi aliyekuja ni mfanyabiashara wa pale Dongobesh, kijana wa familia ya Kiislamu ambayo imekuwa na duka la jumla tangu nikiwa mwanafunzi. Aliacha viatu mlangoni, akatupa shikamoo sote wawili, akakaa. Alikuwa ameshaliangalia gari nje. Aliliwasha, akasikiliza, akapiga tairi teke mara mbili. Nilimwona usoni kwamba amelipenda.

"Mzee unataka ngapi?" aliuliza.

Mume wangu alitaja bei. Haikuwa mbaya. Kijana alikuna ndevu, na nina hakika kabisa alikuwa anataka kupunguza kidogo tu ili tumalizane. Lakini mume wangu alimzuia kwa mkono.

"Kabla hujasema kitu, soma kwanza hii."

Akampa lile jalada la bluu. Kijana alifungua kwa adabu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akasogeza kiti dirishani kwenye mwanga. Mume wangu alikaa wima, mikono magotini, akitabasamu. Mimi nilikuwa nasuka ukili wa mkeka pembeni, na niliona jinsi uso wa yule kijana ulivyokuwa unabadilika kila anapofunua.

"Mzee, klachi imebadilishwa mara mbili?"

"Mara mbili. Zote ziko hapo, na majina ya vifaa."

"Na injini imewahi kuchemsha?"

"Yaeda Chini. Ukurasa wa mbele kidogo utaona. Nimeandika na maji yaliyomwagika."

"Na gia boksi imefunguliwa."

"Imefunguliwa, ikafungwa vizuri. Sikuficha kitu."

Kijana alifunga jalada, akaliweka mezani kwa upole. Bei aliyotaja ilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya ile tuliyoomba.

Mume wangu hakuelewa. Alidhani hajasikia.

"Mzee wangu, nisikudanganye," kijana alisema. "Ningeliangalia kwa macho tu, ningekupa unachotaka, au karibu. Lile gari pale nje ni zima. Lakini hili la kwenye karatasi ni gonjwa, na umeniandikia kila ugonjwa kwa tarehe. Sasa nitajifanyaje sijui?"

"Hayo yote yameshatengenezwa. Huo ndio uaminifu."

"Nami nakushukuru kwa uaminifu wako, Mzee. Bei yangu ndiyo hiyo."

Nilitegemea mume wangu atamfukuza. Badala yake alichukua simu, akabonyeza-bonyeza, midomo ikitembea. Nilijua hesabu anayoipiga: kila siku gari likiendelea kulala bandani linamla kiasi fulani, na mnunuzi mwingine atachukua muda gani kupatikana katika nchi ambayo kila mtu anamjua. Programu ikampa jibu. Akanyoosha mkono akakubali. Kijana alilipa siku ile ile, akapewa kadi ya gari, na alipokuwa anaondoka mume wangu alimkimbilia na lile jalada la bluu. Kijana alilipokea kupitia dirishani. Baadaye mke wake, ambaye wanawe nimewafundisha, aliniambia kwamba karatasi zile ziliishia kufungia sukari ya robo.

Kijana yule hulijaza vitunguu mpaka springi zinagusa, haandiki chochote, na hajawahi kunipita barabarani bila kusimama.

Kwa zile hela mume wangu alinunua ng'ombe wawili wa maziwa. Ni ng'ombe wazuri, na anawatunza vizuri kuliko alivyotunza gari, nadhani kwa sababu wanamtazama. Pumba, mashudu, dawa ya kupe, daktari wa mifugo, kamba, vyote anaviingiza kwenye ile programu, ambayo bado inamwonyesha picha ya gari juu kabisa. Kaka alipokuja kututembelea, mume wangu alimwambia gharama ya lita moja, na kaka akacheka kwa heshima akanitupia jicho. Asubuhi tukikaa mezani husukuma jagi la maziwa upande wangu, akanijulisha kikombe kimoja kinagharimu kiasi gani. Hadai, anasema, ananijulisha tu. Siku hizi nakunywa chai ya rangi.